Kimeng'enya Nilichokijenga Kama Geti

Nyinyi vijana mnaopita hapa kwangu Kisugu, mnasimama uani na kuuliza, "Mzee, hii ni nini, bembea iliyovunjika?" mmenichosha. Juzi mmoja alikipiga picha kwa simu, akawatumia wenzake, na kabla ya chai ya jioni walikuja wengine kuuliza swali lile lile. Mwingine alitaka kujua kama ni mtambo wa kunasa redio. Basi naandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi, akae kwenye lile benchi, asome, aende zake bila kunisumbua.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi ni Ojok, fundi wa mageti. Shule niliiacha darasa la sita, wala sikuiacha kwa machozi. Nusu ya mageti ya maana mnayoyaona kutoka hapa hadi Luzira, yale yenye maua ya chuma na mikuki juu, yalipita mikononi mwangu. Ambayo hayakupita mikononi mwangu mtayajua kwa sababu yanaburura chini. Nyumba hii nimeijenga kwa mageti. Sikurithi kitu. Baba alikuwa askari magereza pale Luzira, akaniachia Kiswahili cha kambini na koti la mvua lenye tundu begani. Sasa nimestaafu, na bado sijafika sitini. Macho ndiyo yaliyostaafu, mimi nikayafuata. Hilo la macho nitalirudia, ingawa najua hamtasikia, maana nawaona hapo barabarani mkichomelea bila kinga, mmefumba jicho moja na kugeuza uso pembeni kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Kitu mnachokiuliza ni nusu ya kimeng'enya cha binadamu. Tena ni nusu ambayo hakuna binadamu aliye nayo. Tulieni, nitaeleza.

Ilikuwa wakati daktari wa macho ameshaniambia niache. Nikamwambia nitaacha, nikimaliza kazi moja tu. Yeye hakujua kwamba hiyo kazi moja bado sikuwa nayo. Fundi wa aina yangu haondoki akiwa ametengeneza mlango wa banda la kuku. Nilitaka kazi ya mwisho ambayo itasimama mahali penye watu, yenye jina langu juu yake, ili hata nikiwa nimekaa hapa na miwani yangu myeusi mtu aseme, hiki ni cha Ojok.

Ndipo akaja Daktari Atim. Si daktari wa sindano, ni wa kufundisha, pale chuo kikuu upande wa Wandegeya. Mwanamke mfupi, viatu vya kutembelea, begi limejaa karatasi. Alisalimia kwa Kiluganda, nikamwita nyabo, yaani mama, akasikia lafudhi yangu, akacheka, akahamia Kiswahili. Baba yake alikuwa polisi. Kwa hiyo sote wawili watoto wa kambi, na watoto wa kambi hatuzungushani.

Akatandika picha juu ya meza yangu ya kazi. Alikuwa amezichapisha Wandegeya, kubwa, za rangi. Niliona utepe uliojikunja, mahali pengine umezunguka kama springi ya godoro, mahali pengine umenyooka bapa kama mshale.

"Ni nini?"

"Kimeng'enya. Kimo ndani yako sasa hivi, kinafanya kazi."

"Kazi gani, nyabo? Mimi nimekaa tu."

"Wewe umekaa, chenyewe hakikai. Mwili unajenga protini tofali kwa tofali. Kuna aina chache za tofali, na kila tofali lina mbebaji wake wa kulipeleka ukutani. Hiki kinashika lile tofali dogo kuliko yote, kinalifunga kwa mbebaji wake. Kikimpa mbebaji asiye wake, ukuta wote unapinda."

Hapo nikamwelewa. Nimewahi kuwa na vibarua wa namna hiyo.

Nikamuuliza picha imepigwa na nani, maana ilikuwa safi sana. Akasema haikupigwa kama mnavyopiga nyinyi na simu zenu. Wataalamu walikitengeneza kimeng'enya kwa wingi, wakakisafisha, wakakiweka kwenye matone madogo mpaka kikagandamana kwa mpangilio, kikawa fuwele, kama chumvi inavyobaki sufuriani maji yakikauka. Halafu fuwele ikapigwa eksirei. Eksirei zikitokea upande wa pili zinaacha madoadoa, na kutokana na madoadoa hayo watu wanakaa chini, wanapiga hesabu, mpaka wanajua kila kipande kimekaa wapi.

"Kwa hiyo hujawahi kukiona," nikamwambia.

"Hakuna aliyekiona kwa jicho."

"Na unataka mimi nikijenge."

"Nimeona geti la jirani yangu. Yale maua. Nikauliza fundi ni nani."

Sasa hapo, vijana, mtu kama mimi utamkataaje? Jengo jipya la masomo lilikuwa linamaliziwa, na ukumbini alitaka kimeng'enya hicho kisimame, kirefu kuliko mtu, wanafunzi wakizunguke, waingize mikono ndani. Wale wa ofisi ya majengo walikuwa wanataka kutundika turubai lenye picha iliyochapishwa, wamalize. Atim alipigana nao mpaka wakamkubalia, kwa sharti: siku ya ufunguzi kiwe kimesimama. Kisiposimama, turubai linapanda.

Akanionyesha pia sehemu moja kwenye picha, karibu na ukingo. "Hapa uniwekee mpira mwekundu." Nikauliza kwa nini. Akasema kimeng'enya hiki ni pande mbili zinazoshikana, na hapo ndipo zinaposhikana. Kuna watu wanazaliwa na badiliko dogo mahali hapo, na wakikua mikono inaanza kupoteza nguvu, kuanzia hapa. Akanishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mtu anashindwa kufunga kifungo, anashindwa kuzungusha ufunguo.

"Kaka yangu alikuwa fundi cherehani kule Lira," akasema. "Hawajampima sawasawa, sina uhakika kama ni hicho. Lakini ndicho kilichonifanya nianze kukitafuta."

Nilitazama mikono yangu. Nikamwambia aniachie picha.

Lakini ili mwelewe kilichotokea, lazima mmjue Wafula.

Wafula ndiye aliyenifundisha. Mkenya, mtu wa kanisa, mkali kama tindikali ya betri, karakana yake ilikuwa hapa hapa Kisugu kabla haijawa yangu. Geti langu la kwanza la pande mbili nilimtengenezea mtu mmoja wa Muyenga. Nilitengeneza upande wa kwanza, maua yote yanaangalia kulia. Nikatengeneza wa pili sawa sawa kabisa, hata jicho kali lisingeona tofauti. Nikasimama pembeni nikingoja sifa. Wafula akaja, akatazama, akasema tulisimamishe hapo nje barabarani. Tukalisimamisha. Maua yote yanaangalia Luzira, bawaba zote ziko kushoto. Akaniambia nikae kando ya geti mpaka jioni. Kila mpita njia alikuwa na neno. Mama mmoja wa ndizi akauliza kama geti limepigwa na upepo.

Jioni Wafula akaja na chai. "Ojok, geti ni uso wa nyumba. Una jicho la kushoto na jicho la kulia. Je, yote mawili yanaangalia sikio moja?"

"Hapana, bwana."

"Basi upande wa pili hautengenezwi kama wa kwanza. Unatengenezwa kuuangalia wa kwanza."

Miaka yote iliyofuata sikuwahi kutengeneza pande mbili zinazofanana. Mkono wenyewe ulikataa. Na nyinyi mnaojiita mafundi, nendeni mkaangalie mageti yenu, mtaona maua yanayoangalia Luzira.

Basi nikaanza upande wa kwanza wa kimeng'enya. Naeleza jinsi nilivyokunja springi, maana najua kuna mmoja wenu atajaribu na kuharibu chuma cha watu. Usichukue bomba lenye unene wa springi unayoitaka. Chuma ni kikaidi, ukikiachia kinafunguka kidogo. Chukua bomba jembamba zaidi. Ncha ya nondo na bomba uzibane pamoja kwenye jiliwa, upashe moto polepole, usikimbize, halafu uzunguke nayo wewe mwenyewe, mwili mzima, si mikono tu. Ukikunja kwa mikono tu, mzunguko mmoja utakuwa mpana na mwingine mwembamba, na springi yako itafanana na matumbo ya mbuzi. Sula, fundi niliyekuwa nafanya naye kazi, alitengeneza matumbo ya mbuzi mara kadhaa kabla hajanielewa, na Sula si mjinga, ni mbishi tu.

Springi tulizipaka bluu, vyuma bapa tukavipaka manjano. Upande wa kwanza ulipokwisha, Atim akaja. Akapita springi moja moja. Kila akifika kwenye springi anafumba ngumi ya mkono wa kulia, dole gumba limesimama, anaiweka karibu na chuma, anasogea. Nilidhani anakipongeza chuma. Sikuuliza. Ningeuliza, haya yote yasingetokea, lakini mtu akikusifu kazi huanzi kumuuliza anavyonyoosha vidole.

"Fundi," akasema, "ni chenyewe. Kila kitu kiko mahali pake."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kitu, ulikuwa unalalamika tu."

"Kulalamika ndiyo kazi yenyewe, nyabo."

Akasema upande wa pili haukuwa na picha zake, niufuate huu huu, na akanionyesha tena mahali pa kushikana. Kisha mitihani ya wanafunzi ikamkamata, akapotea.

Na mimi nikatengeneza upande wa pili. Kama geti.

Msicheke. Nyinyi mngeshindwa hata kukosea kwa namna ile. Kila springi iliyozunguka kulia niliizungusha kushoto. Jaribuni muone. Mwili umezoea kuzunguka jiliwa upande mmoja maisha yote, uuambie urudi kinyumenyume na nondo ya moto mkononi. Sula alijigonga kwenye meza mpaka akaanza kuvaa mto wa kochi kiunoni. Kila mshale uliopinda kulia niliupinda kushoto. Upande wa pili ulichukua muda kuliko wa kwanza, na ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, nasema hivyo hata leo. Ukizisimamisha pamoja, pande mbili zilitazamana kama uso wa malkia.

Kulikuwa na shida moja ndogo. Pale pa kushikana, pande zilikataa kuingiana. Springi iligonga springi, na chini ukabaki mwanya. Sula akasema, "Mkubwa, geti limekataa kufunga."

"Halijakataa. Weka kibati."

Kila geti lina mwanya, na kila fundi anajua kibati cha kuufunika. Tukakichomelea, tukakipaka bluu. Kisha nikachomelea kibao changu upande wa pili, mahali macho yanapofika kwanza: FUNDI OJOK, KISUGU. Herufi nilizikata mwenyewe.

Atim akaja wiki moja kabla ya ufunguzi. Aliingia akitabasamu. Akafumba ngumi yake, akapita upande wa kwanza, sawa. Akafika upande wa pili, akasimama. Akabadilisha mkono. Akafumba ngumi ya kushoto, dole gumba juu, akapita springi zote mpaka ya mwisho. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka.

"Fundi. Umefanya nini?"

"Nimemaliza."

"Upande huu haupo."

"Huu hapa, nyabo. Ushike."

"Haupo duniani. Springi za namna hii zote mwilini zinazunguka kulia. Zako, zangu, za mbuzi, za mgomba. Hizi zinazunguka kushoto."

"Nani aliamua?"

"Muulize aliyeumba. Na hiki ni nini?" Alikuwa ameinama, ameshika kibati.

"Cha kufunika mwanya."

"Kimeng'enya hakina kibati."

Sula akakohoa, akatoka nje. Nilimsikia akicheka na jirani anayeziba matairi.

Nilimwambia Atim asipate shida, tutaugeuza. Tukakata kibati, tukawaita wale wa matairi, tukaugeuza upande wa pili juu chini. Akapima kwa ngumi. Kushoto. Tukaugeuza nyuma mbele. Kushoto. Tukaulaza ubavuni, wanaume wanne tunatokwa jasho, yeye amekaa kwenye benchi na ngumi yake kama refa. Kushoto. Jirani wa matairi akasema labda daktari ndiye ageuke.

"Ukisalimiana na mtu," Atim akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayejizuia, "mkono wako wa kulia unashika wa kulia wake. Pande hizi zinasalimiana hivyo. Wewe umemsalimianisha mtu na kioo."

"Mimi najua pande mbili zinavyokaa. Nimefanya kazi hii kabla wewe hujavaa sare ya shule."

"Ya mageti, Fundi."

"Wanafunzi wako watajua tofauti?"

"Mimi nitajua. Siwezi kuwasimamisha mbele ya kitu kisichokuwepo nikawaambia, hapa ndipo watu wanapopoteza mikono yao. Hapa pana kibati. Afadhali turubai."

Hilo neno turubai lilinichoma kuliko cheche. Nikamwambia, haya, nenda katundike turubai lako, mvua ikinyesha litawafaa. Alichukua begi lake. Akaondoka.

Nilikaa pale nimekasirika na watu wote. Na Atim, na Wafula aliyekwisha kufa, na aliyeumba springi, na ofisi ya majengo. Nilikuwa nimeahidi macho yangu kwamba hii ndiyo ya mwisho, na sasa ya mwisho imekataliwa, na jina langu liko juu ya kitu ambacho hakipo duniani.

Nyuma yangu nikasikia chuma kinalia. Sula alikuwa anabadilisha mitungi, anafunga nati ya asetilini kwenye mtungi mpya, na alikuwa anaizungusha upande usio wake, anasukuma kwa nguvu, anatukana kwa Kiluganda. Nikamgeukia, nikapata wa kumfokea.

"Sula, una miaka mingapi humu ndani? Nati ya gesi inafungwa kushoto. Ya oksijeni ndiyo kulia. Hata uigeuze kichwa chini, hata uigeuze nyuma mbele, uite na watu wa matairi wakusaidie, ya kushoto ni ya kushoto tu."

Sula akaacha spana. Akanitazama. Akatazama upande wa pili wa kimeng'enya uliolala ubavuni. Akanitazama tena. Angesema neno ningempiga na spana hiyo hiyo.

Mnaelewa? Kila fundi wa gesi anaijua nati ile. Imechongwa kinyume makusudi, ili mtu mwenye haraka asije akafunga gesi mahali pa oksijeni akapaa na karakana. Nilikuwa nimeishika kila siku ya kazi yangu. Haiingii popote isipopaswa, wala haibadiliki kwa kugeuzwa. Nikampigia Atim simu.

"Nyabo, rudi kesho."

"Umeelewa?"

"Sijasema nimeelewa. Nimesema rudi."

Alipokuja nilimpa nati mbili mkononi, ya gesi na ya oksijeni, nikamwambia ajaribu kufunga kila moja mahali pa mwenzake. Akazizungusha, akacheka peke yake, akaomba azichukue akaonyeshe darasani. Nikamwambia azichukue ila ataje zimetoka wapi. Kisha akanifundisha ile ngumi, na sasa nawafundisha nyinyi bure, ingawa hamstahili. Fumba mkono wa kulia, simamisha dole gumba. Dole linaonyesha springi inakokwenda, vidole vinaonyesha inavyozunguka kuelekea huko. Springi ikikubaliana na mkono huo ni ya kulia, hata uigeuze vipi. Ikiukataa, jaribu mkono wa kushoto, nao utaikubali. Basi. Haihitaji macho.

Na ndivyo nilivyofanya, maana macho yalikuwa yamevimba kama nyanya. Sikuchomelea hata nukta; Sula ndiye aliyechomelea, amevaa kinga usoni kama nilivyomlazimisha. Mimi nilikunja. Wiki hiyo nilikunja springi za upande mpya nimefumba macho, dole gumba mbele, naifuata nondo kwa ngozi ya kiganja. Na nilipokuwa nakunja nilimfikiria yule fundi cherehani wa Lira, maana kila kitu nilichokuwa nafanya kilianzia hapo hapo alipopaonyesha dada yake, kati ya dole gumba na shahada. Sijawahi kumwona. Lakini nilikasirika kwa ajili yake pia, niliona si haki, kosa dogo namna ile lichukue mikono yote miwili.

Siku moja kabla ya ufunguzi tulizipeleka pande zote mbili ukumbini na gari la mchanga. Tukasimamisha upande wa zamani. Tukauleta mpya, unaofanana nao kabisa, maua yote yanaangalia Luzira, Wafula angefufuka. Atim akasema tuuzungushe nusu mzunguko, mgongo uende mbele, halafu tuusogeze taratibu. Tukausogeza. Nilikuwa nimebeba kibati mfukoni, nasema ukweli, nilikuwa nacho tayari.

Zikaingiana. Springi ikapita ubavuni mwa springi, mshale ukalala kando ya mshale, mwanya hakuna. Mipira miwili myekundu ikaja ikakaa jirani pale pa kushikana. Sula akaondoa mkono wake polepole kama mtu anayemwacha mtoto asimame. Kilisimama chenyewe.

Atim alipitisha mkono ndani, akagusa mpira mmoja. "Hapa," akasema, si kwa sisi. Kisha akaniambia, "Fundi, kibao chako kiko wapi?"

Kilikuwa kimebaki Kisugu, kwenye upande uliokataliwa. Nikatoa kingine kwenye begi. Mnadhani nilikwenda kule bila kibao?

Siku ya ufunguzi mkubwa mmoja alisoma hotuba, akamshukuru aliyeweka vigae, akamshukuru aliyepaka rangi, akawashukuru waliotoa viti. Chuma hakukitaja. Nikaenda kugusa kazi yangu, askari wa mlangoni akaniambia mzee, hairuhusiwi kugusa. Nikamwonyesha kibao. Akakisoma. "Mzee," akasema, "Ojok ni wengi." Mtu wa kwetu kabisa huyo, kwa jina alilovaa kifuani.

Lakini Atim alipowaleta wanafunzi wake wa kwanza niliambiwa nije, nikakaa kiti cha nyuma. Akatoa nati mbili mfukoni, akasema hizi nilipewa na mwalimu wangu wa Kisugu. Mimi. Darasa la sita. Wale watoto wote wakageuza shingo. Nikarekebisha miwani yangu.

Basi huo upande mnaousumbua hapa uani ndio ule wa kushoto. Sikuuyeyusha. Kimeng'enya cha namna hiyo Mungu mwenyewe hakutengeneza, nimetengeneza mimi, na jina liko juu yake. Kila muhula Atim anawaleta wanafunzi waje wakione, wananikanyagia sukumawiki, wananyoosha ngumi kila mahali kama wanataka lifti. Nimelalamika. Anasema kulalamika ndiyo kazi yenyewe.

Sasa mke wangu, ambaye haheshimu sanaa, amepanda chini yake maharage yale yanayotambaa. Yamepanda vizuri, sikatai. Ila nilipokwenda kuyaangalia nikaona mche unazunguka kulia. Chuma changu kinakwenda huku, wenyewe unakwenda kule, unakikata kila mzunguko. Nikaufungua taratibu, nikaufuatisha na nondo, kushoto, kama nilivyokunja mimi. Asubuhi yake nikaukuta ncha imeshajitoa, imerudi kulia. Nikaufungua tena, nikaufunga na uzi. Ulipoota zaidi, ukapita uzi, ukarudi kulia.

Nimeuacha. Ila nimemuuliza mke wangu, na nyinyi nawauliza, nikiwa nimesimama hapa na miwani yangu myeusi: huu mche nao umesoma chuo gani?